Bunduki Aliyoibeba Leonce

Evarista alisikia habari ya ile bunduki Jumapili moja ya mwezi wa tano, nje ya kanisa la Ganako, watu walipokuwa wametoka misani na bado hawajatawanyika. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mibuni ya shamba la jirani, na waumini walisimama ndani yake makundi makundi, unasikia kicheko cha mtu kabla hujamwona. Mzee Julius alimfuata polepole na mkongojo wake, akamshika mkono, asiuachie.

"Binti Leonce," alisema, "mwezi ujao nahamia Babati kwa mwanangu. Macho yangu yamekwisha. Ile bunduki nataka kuiuza, na sikupenda usikie kwa mtu mwingine."

"Kwa nini mimi, Aako?" Evarista aliuliza. Aako ndivyo sisi Wairaqw tunavyowaita wazee wetu.

"Kwa sababu baba yako aliibeba miaka kumi na tisa. Ukiikataa nitaipeleka polisi, wajue wenyewe pa kuiweka. Sina mwingine wa kumpa."

Hakuuliza bunduki gani. Kwetu Ganako kila mtu aliyevuka miaka hamsini anaijua. Ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa pembeni mwa msitu, mwindaji wa zamani, aliyekuwa akienda porini upande wa Eyasi kila kiangazi ulipoingia. Katika safari zile Julius aliendesha gari, Mmasai mmoja aliyeitwa Moloimet alifuata nyayo, na Leonce, baba yake Evarista, alibeba bunduki. Ilikuwa ndiyo kazi yake yote. Alitembea hatua mbili nyuma ya tajiri, na tajiri aliponyoosha mkono, bunduki ilitua kiganjani. Leonce alifariki kwa homa ya mapafu Evarista akiwa na miaka ishirini. Miaka michache baadaye yule mzungu alizeeka, akauza shamba na kurudi kwao, na bunduki akamwachia Julius kwa karatasi zote zinazotakiwa na serikali.

"Kubeba alibeba, kupiga hakupiga," mama yake Evarista alizoea kusema, akipepeta maharage. Aliyasema kama mtu anayedai haki ambayo mumewe alinyimwa, hata mwaka aliokufa. Evarista alikua na maneno hayo kama mtu anavyokua na kovu asilokumbuka lilivyompata.

Yeye mwenyewe sasa alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe, Wilibrodi, alikuwa marehemu, na watoto walikuwa Arusha na Dodoma na maisha yao. Kwa miaka kumi na saba alikuwa dobi wa hoteli moja ya watalii juu ya mji wa Karatu. Alifua mashuka meupe, akayaanika kwenye kamba ndefu nyuma ya jengo, na asubuhi za baridi, ukungu ukipita katikati ya yale mashuka, kulikuwa na wakati alishindwa kujua kipi ni kitambaa na kipi ni hewa. Alipenda wakati huo. Alisimama na kibanio mdomoni, akasahau alichokuwa akifanya, hadi msimamizi amwite jina. Mgongo ulipogoma alirudi shambani kulima mahindi na maharage ya ngwara, lakini tabia ya kusimama katikati ya kazi na kwenda mbali kwa mawazo hakuiacha.

Jumapili ile, akirudi nyumbani kwa miguu, alikuwa mbali sana. Alikuwa mtoto wa miaka saba. Ilikuwa jioni ya mvua, na baba yake aliingia ndani akidondosha maji, amepakata kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Mwaka ule mama yake alikuwa amempoteza mtoto mchanga, na Evarista, aliyekuwa hajaelezwa vizuri, aliamini kwamba baba amekwenda kumfuata na amempata. Alikimbia akafunua blanketi. Akakuta mbao nyeusi na chuma baridi. Gari lilikwama matopeni, baba yake alieleza, na bunduki hailali ndani ya gari. Alikaa nayo magotini mpaka Julius alipokuja kumwambia gari limetoka. Alikuwa ameifuta yote, kutoka kitako mpaka mdomo wa mtutu, kwa kanga ya mama, kabla hajafuta uso wake mwenyewe.

*

Jumanne alikwenda kwa Mzee Julius kuiona. Nyumba ya mzee iko chini, bondeni, unapita katikati ya mibuni mpaka unaisahau barabara. Julius alivuta sanduku la chuma kutoka uvunguni, akafungua kufuli kwa kupapasa, akaiweka bunduki juu ya kitanda.

Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Mbao zake zilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua, na ndani ya rangi hiyo kulikuwa na mistari iliyojikunja kama moshi. Chuma cha mtutu kilikuwa cheusi kote, isipokuwa sehemu moja, karibu na katikati, palipopauka na kung'aa kama sarafu iliyoshikwa na watu wengi.

"Hapo palipauka kwa nini?" aliuliza.

"Mkono wa baba yako," alisema Julius.

Evarista alipaweka mkono wake. Paliuenea. Mzee, ambaye hakuweza kuona uso wake, alingoja tu, akisikiliza mvua juu ya bati.

Bei aliyoitaja haikufika hata ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Evarista alisema atafikiri. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kuinunua. Juma lile lote alipalilia ngwara kama mtu anayetembea usingizini. Aliiona bunduki ukutani, juu ya picha ya Wilibrodi. Alimwona baba yake mbele yake katika majani marefu, mgongo tu na kofia, akienda bila kugeuka, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumnyooshea mkono. Aliwaza siku atakayoitoa nje, mahali halali, mbele ya watu halali, afyatue risasi moja tu juu ya bonde. Moja kwa miaka kumi na tisa. Aliwaza mlio ule ukienda, ukigonga ukuta wa msitu, ukirudi.

Jumatatu iliyofuata alivaa gauni la kanisani akaenda kituo cha polisi mjini Karatu. Aliyempokea ni koplo wa kike, kijana mwenye sauti ya taratibu, jina lake Goodness. Alimweleza Evarista hatua zote bila haraka: alama za vidole, mafunzo, kamati ya kijiji, kamati ya kata, kisha wilaya, sanduku la chuma lililofungwa sakafuni. Evarista aliitikia kila moja. Kisha koplo akageuza fomu.

"Hapa panaulizwa sababu, mama. Unaihitaji silaha kwa ajili gani? Niandike nini?"

Evarista alitazama dirishani. Nje, malori na magari ya watalii yalikuwa yakipanda kuelekea geti la hifadhi, na kioo cha dirisha kilitetemeka.

"Ilibebwa na baba yangu," alisema.

"Naelewa. Sababu sasa."

"Ukumbusho."

Goodness aliweka kalamu chini. Hakucheka. "Ukumbusho siwezi kuuandika, mama yangu. Kuna kulinda mali, kuna kulenga shabaha, kuna uwindaji. Picha ni ukumbusho. Hii ukiiingiza ndani ya nyumba yako ni bunduki, hata kama wewe unaiona ni kitu kingine. Wenzako wataiona bunduki. Nenda na fomu, ukae nayo. Ukipata jibu, rudi, mimi nitakuandikia mwenyewe."

Maneno hayo yalimuudhi njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake, Inosenti, amekaa kizingitini akimngoja. Inosenti analima eneo la juu, linalopakana na msitu, na mwaka ule tembo walikuwa wamemwingilia mara tatu.

"Dada, nimesikia," alisema akisimama. "Nunua. Na mimi nitachangia."

"Wewe uliichukia kazi ile ya baba tangu tukiwa watoto."

"Baba amekufa. Mahindi yangu ndiyo yanayokufa sasa. Wewe unayo ndani, mimi wakija nakukimbilia, naazima, napiga juu. Hatuui. Tunatisha tu."

"Na yule asiyetishika?"

Inosenti alitazama mikono yake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtia Evarista hofu. Alimwona vizuri kabisa, kama alivyokuwa akimwona baba yake kwenye majani marefu: Inosenti gizani, na kiwiliwili kikubwa kikimgeukia, na kidole chake ambacho hakijawahi kushika ila jembe.

"Usinijibu leo," Inosenti alisema. "Lakini mimi ni ndugu yako. Huwezi kuninyima kuazima."

*

Ni Mzee Julius aliyemwambia kwamba Moloimet bado yu hai, kule juu Nainokanoka, ndani ya hifadhi. Evarista alitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Alitaka mtu aliyekuwepo amwambie kwamba baba yake aliitamani ile bunduki. Kama aliitamani, basi angerudi kwa Koplo Goodness, angeandika kulinda mali, na Inosenti angejifunza kunyimwa kama watu wengine wanavyonyimwa.

Alipanda na Landrova iliyokuwa ikipeleka unga na sukari kwa wenye maduka ya huko. Baada ya geti walipotea ndani ya msitu. Miti ilikuwa imening'iniza ndevu za kijani, maji yakichuruzika kwenye kila ndevu, na dereva aliendesha kwa kuchungulia, taa zikiwa zimewaka mchana. Juu ya ukingo wa kreta ukungu ulifunguka mara moja. Evarista aliona chini, mbali, kitu kama ziwa na kitu kama vumbi jeupe, na vidoa vyeusi ambavyo vingeweza kuwa nyati au vivuli vya mawingu. Kisha ukafungwa. Alikuwa amekaa Karatu maisha yake yote na alikuwa ameiona kreta mara nne tu. Kila mara alipoiona alidhani ameota.

Alimkuta Moloimet nyuma ya zizi, akibishana na mkewe, Sinyati, juu ya ndama aliyekataa kunyonya. Alikuwa mzee mwembamba aliyejifunika mablanketi mawili na kofia ya sufu, na sikio moja halisikii.

"Takwenya!" alimsalimu kwa sauti ya juu.

"Iko," Evarista aliitikia. "Mimi ni mtoto wa Leonce. Leonce wa Ganako."

Moloimet alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika kwenye mti wa zizi, na Sinyati akamuuliza kwa Kimasai kama amepatwa na kitu.

"Leonce!" alisema. "Leonce wa debe! Hakuwaambia? Hakuwaambia habari ya debe?"

Walikaa ndani, karibu na moto, na Sinyati alimimina chai ya maziwa. Evarista hakunywa. Alingoja.

"Mwaka wa tatu au wa nne," Moloimet alisema, "tulikuwa kambini, hakuna kazi, mzungu amefurahi. Akamwambia baba yako, Leonce, wewe unabeba kila siku, leo piga. Akaweka debe la mafuta juu ya jiwe. Karibu tu, kutoka hapa mpaka kwa yule ng'ombe mweupe. Baba yako akasema sitaki. Tukamlazimisha. Akapiga. Debe limekaa! Akapiga tena. Debe limekaa! Ya tatu alifumba macho, mimi nilimwona, alifumba macho yote mawili, akapiga mbingu. Bunduki ikamsukuma, akakaa chini kama mtoto. Sisi tukaogopa, tukadhani atakasirika. Yeye akacheka. Alicheka mpaka machozi. Akasema, jamani, na mimi siku zote nilidhani nabeba mzigo, kumbe nilikuwa nashika nyoka kwa mkia."

"Alipiga," Evarista alisema polepole.

"Mara tatu. Hakutaka ya nne mpaka amekufa. Mzungu alimwambia nitakufundisha. Akakataa. Akasema kila mtu na kazi yake, yangu ni kubeba."

"Mama alisema hakupiga. Mama alisema walimnyima."

Moloimet alisogeza sikio zima. Alipoelewa alitikisa kichwa. "Hakuna mtu alimnyima. Labda aliona haya kusema nyumbani. Mwanaume anarudi kwa mke wake, aseme nimekosa debe?" Alikunywa chai, akatulia, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya chini. "Lakini kubeba! Hakuna mtu alibeba kama yeye. Kuna siku mto ulijaa, huko Eyasi. Sisi wote tuliogelea au tulishika kamba. Leonce hajui kuogelea. Aliingia na ile bunduki juu ya kichwa, maji hapa." Aliweka kiganja chini ya kidevu. "Mzungu anapiga kelele, iache, iache, ni chuma tu! Yeye anatembea. Polepole. Anatazama mbele kama anaona mtu upande wa pili. Alitoka akiwa ameloa mpaka nywele. Bunduki kavu. Tulimpenda sana siku hiyo. Na tulimtukana sana."

Sinyati, aliyekuwa hajasema neno kwa Kiswahili mpaka wakati huo, aliuliza, "Na wewe mama, unaitaka ya nini?"

Lilikuwa swali lile lile la Koplo Goodness, na safari hii halikumuudhi. Evarista alitazama moto. Moshi ulipanda ukajikunja chini ya paa, ukatafuta njia, ukaipata. Kitu alichokuwa amekilea tangu utotoni kilikuwa kikiondoka vivyo hivyo, bila mlio wowote. Hapakuwa na deni. Baba yake hakudhulumiwa risasi. Alikuwa mtu mwoga wa bunduki aliyeipitisha mtoni ikiwa kavu, na alikufa akijua yote mawili.

"Sijui," alijibu. "Nadhani nilitaka kujua uzito wake."

Mchana huo walimpa maziwa kwenye kibuyu ili ayapeleke Karatu, naye alimwachia Sinyati kilo mbili za ngwara. Ndama alikuwa amekubali kunyonya.

*

Jioni hiyo alimwambia Inosenti. Alimwambia kwanza habari ya debe, na Inosenti, aliyekuwa amekuja na uso wa ugomvi, alishikwa na kicheko bila kutaka. Kisha akamwambia kwamba hanunui.

"Kwa sababu ya debe?"

"Kwa sababu yako. Wewe una macho ya baba. Utafumba yote mawili."

Inosenti alisimama. Alisema tu kwamba mahindi yake yataliwa. Evarista alimjibu kwamba hilo ni kweli, na kwamba kesho yake atakwenda naye ofisi ya kijiji kuomba zile kamba za pilipili na oili chafu za kuzuia tembo ambazo wenzao wa upande wa pili wamezifunga. Inosenti aliondoka bila kuaga. Asubuhi saa mbili alikuwa mlangoni, amevaa viatu.

Mzee Julius hakusikitika kama Evarista alivyotarajia. "Basi iende," alisema. "Nilitaka tu isije ikaondoka bila wewe kuulizwa."

Polisi walikuja kuichukua siku ya Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, gari likashindwa kushuka bondeni, na Koplo Goodness alifika nyumbani kwa Julius kwa miguu pamoja na mwenzake, mabuti yamejaa udongo mwekundu. Aliikagua bunduki, akachomoa kile chuma cha kusukumia risasi, akakitia mfukoni. Risasi saba zilizobaki alizihesabu mbele ya mzee, akazitia kwenye bahasha, akaandika. Sasa bunduki haikuweza kufanya chochote.

"Afande," Evarista alisema, "naomba niibebe mimi mpaka kwenye gari."

Goodness alimtazama mwenzake, ambaye alitazama mvua.

"Mzee, leseni bado ni yako?"

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema Julius.

"Basi mama, tangulia mbele yangu. Nikuone wakati wote."

Evarista aliitia begani. Haikuwa nzito kama beseni la mashuka yaliyoloa, lakini uzito wake ulikuwa wa namna nyingine, umejikusanya mahali pamoja, kama kitu kinachofikiri. Alivua kanga ya mabegani akafunika mahali chuma kilipokuwa wazi. Njia ya mibuni ilipanda kiasi cha kilomita moja, utelezi mtupu. Mibuni ilikuwa imechanua upya baada ya mvua, na harufu yake ilisimama ndani ya ukungu bila kusogea. Hakuona gari, hakuona barabara, hakuona hata miguu yake vizuri. Aliweka unyayo, akaujaribu, akaweka mwingine.

Nyuma, Mzee Julius alikuwa akija na mkongojo, ameshikwa mkono na yule askari mwingine. Alikuwa akisikiliza.

"Inagonga matawi," alisema kwa sauti. "Umeinyanyua mdomo mno. Baba yako alikuwa anaushusha kidogo."

Evarista akaushusha. Bunduki ikatulia begani kama iliyopata pake, na mkono wake, bila yeye kuuambia, ukasogea hadi pale palipopauka. Akaendelea kupanda. Kuna wakati alihisi hakuna mtu nyuma yake wala mbele, ni yeye na kupumua kwake na harufu ya maua, na kama mtu angenyoosha mkono kutoka ndani ya ule weupe angempa bila kuuliza. Hakuna aliyenyoosha. Aliteleza mara moja, karibu na mfereji. Goti lilipiga chini, lakini mikono ilibaki juu. Goodness alikuja mbio.

"Umeumia?"

"Haijaloa," Evarista alijibu, kisha akasikia alichojibu, akacheka, na koplo akacheka naye ingawa hakujua kwa nini.

Kwenye gari aliikabidhi kwa mikono miwili. Waliilaza kiti cha nyuma. Julius alitia dole gumba kwenye karatasi, kwa kuwa hakuweza tena kuona mstari wa kuweka sahihi, na mlango ukafungwa.

Siku kumi baadaye Evarista alimsindikiza mzee stendi ya Karatu kupanda basi la Babati. Walifika mapema mno, wakakaa kwenye mgahawa, wakaagiza chai na chapati. Julius alimweleza jinsi Leonce alivyokuwa akikoroma porini mpaka fisi wakaenda kutafuta usingizi kwingine. Alieleza mengi ambayo hakuwa ameyaeleza miaka yote, na katikati ya moja ya hayo alisinzia, kikombe mkononi. Evarista alikichukua kikombe taratibu, akakiweka mezani, akangoja hadi konda alipoita.

Basi lilipoondoka, vijana wa bodaboda walimwita kutoka pande zote. Aliwapungia mkono. Goti lilikuwa limepona, jua lilikuwa limetoka, na njia ya Ganako haikuwa na matope tena. Akaenda kwa miguu.